Luhwago wa Kihesa Hakuandika Kitabu Kile

Vijana wa maktaba, siku mliponiaga mliniomba nikae niandike niliyoyaona kazini, ili anayekuja asianze kwa kupapasa. Nilikubali kwa sababu chai ilikuwa mezani na watu wote wananitazama. Sasa niko nyumbani Mlandege na daftari mbele yangu, na sina hakika kama naiweza kazi hii. Mimi ni wa darasa la saba. Miaka yote nimerudisha vitabu vya wenzangu rafuni, cha kwangu sijawahi kuandika. Mkiona mahali nimekosea, huenda ni kweli nimekosea.

Vyeo na mishahara siandiki. Nilikuwa na vyeo viwili, na vyote nilivivalia koti lilelile.

Nilianza Mbeya, kwenye maktaba ya chuo kidogo, kama mfagizi. Siku ya kwanza niliachwa peke yangu asubuhi nzima, nikaona vitabu vimekaa ovyo, virefu kando ya vifupi, vyekundu katikati ya vya kijani. Nikavipanga rafu mbili nzima kwa rangi na kimo. Nilijisikia nimefanya jambo. Mtunza rafu alikuwa Bi. Tusekile, mama wa Kinyakyusa aliyevaa sweta mbili kwa wakati mmoja. Alipoingia alizitazama rafu, akasema pamependeza, pamekuwa kama duka la vitenge. Halafu akaniambia nimtafutie kitabu cha magonjwa ya ng'ombe. Nilitafuta hadi saa ya chai. Hakunifokea. Alikaa nami siku nne tukirudisha kila kitu mahali pake.

Ndiye aliyenifundisha kwamba kitabu kina ukurasa wa jina, ndani kabisa, na kwamba kabla sijakiweka popote niufungue nijiulize mambo matatu: nani kaandika, wapi kimechapwa, mwaka gani. Mengi aliyonifundisha yalikuwa ya mikono, namna ya kushika, namna ya kupangusa. Hili lilikuwa la mdomo na alilirudia mara nyingi. "Usipoona jina, andika sioni," alisema. "Usijaze."

Alinifundisha pia daftari la mezani. Mnalijua, ingawa siku hizi mnalichukia. Msomaji akiondoka, kitabu alichokiacha mezani hakirudi rafuni mpaka kiandikwe kwenye daftari kwa namba yake na alama moja. Kwa hiyo mwisho wa mwezi unajua kitabu kipi kilifunguliwa na kipi kilikula vumbi. Ni kazi ya kuchosha. Nimeifanya miaka yote, na nadhani ndiyo iliyoniharibia usingizi, kwa sababu inamwonyesha mhudumu mambo ambayo hakuajiriwa kuyajua.

Mume wangu alipohamishiwa Iringa nilimfuata, nikapata kazi kwenye chuo chetu. Kulikuwa na chumba cha vitabu wagonjwa, ndivyo tulivyokiita. Vilivyoanguka majalada, vilivyoliwa na panya, vilivyonyeshewa. Kila wiki alikuja Mzee Luhwago kutoka Kihesa kwa baiskeli, na sanduku la vifaa kwenye keria: sindano ndefu, uzi aliousugua kwa nta ya nyuki, vibao viwili vya kubania, brashi ya manyoya ya mbuzi, na kopo la gundi aliyoipika mwenyewe kwa unga wa ngano. Alikuwa fundi wa kujalidi. Vitabu vya nyimbo na Biblia za nusu ya mji huu zimepita mikononi mwake, za Walutheri na za Wakatoliki, na alisema hakuna tofauti, wote wanachana kurasa za mwanzo. Kiingereza hakukijua hata kidogo. Ilipobidi kuandika jina la kitabu kwenye mgongo, alinakili herufi mojamoja kama anayechora mchwa.

Katika vitabu wagonjwa vya mwanzo kulikuwa na kimoja cha taipureta, cha Kiingereza, kuhusu udongo na maji ya Usangu kule Mbarali. Kililetwa ndani ya boksi na mtu aliyekuwa anahama. Hakikuwa na jalada, wala ukurasa wa jina, panya walikuwa wamewahi. Kilianzia ukurasa wa tano. Juu ya kila ukurasa kulikuwa na maneno yaleyale, nikamwambia Mzee Luhwago ayaandike kwenye mgongo yawe jina. Na kwa kuwa wakati huo kulikuwa na fundi mwingine anayeharibu vitabu halafu lawama zinamwendea mzee, nilimwambia aandike jina lake kwenye jalada la nyuma kwa ndani, pamoja na mahali na mwaka, ijulikane kazi ni ya nani. Akaandika kwa wino: Luhwago, Kihesa, na mwaka aliokishona. Wazo hilo lilikuwa langu. Naliandika hapa makusudi.

Kompyuta zilipoingia, waliletwa vijana wawili wa kuhamisha kadi za katalogi kwenda humo. Mimi nilishika kitabu nikasoma, wao wakapiga. Tulienda vizuri mpaka kitabu cha Usangu. Kijana akauliza mwandishi, nikasema sioni. Akasema kompyuta haikubali, kisanduku cha mwandishi kikiwa wazi kinageuka chekundu na haiendelei mbele. Foleni ya vitabu ilikuwa imefika mlangoni. Akaniambia, "Mama, we soma jina lolote lililomo." Nikageuza, nikageuza tena, jina pekee lilikuwa la nyuma. Nikasoma Luhwago. Akauliza mahali kilipochapwa. Nikasoma Kihesa. Mwaka nao nikausoma.

Kisanduku hakikugeuka chekundu. Jioni niliandika kwenye daftari langu la nyumbani kwamba leo nimetaja jina la Mzee Luhwago kwenye kompyuta na sijui kama ni sawa. Nilijua si sawa. Niliandika sijui kwa sababu nilikuwa mwoga.

Sasa ndipo inapoanza hasira yangu, na nitajaribu kuwa mwangalifu nayo. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho huandika tasnifu, na nyuma ya tasnifu kuna marejeo, orodha ya vitabu ambavyo mwandishi amevisoma na kuvitumia. Ndivyo nilivyoelezwa. Lakini nilikuwa na daftari la mezani. Niliona mwanafunzi anaingia, anachukua tasnifu ya mwenzake wa mwaka uliopita, anaifungua nyuma, anapiga picha marejeo yote kwa simu, anaondoka. Dakika tano. Miezi michache baadaye tasnifu yake inaletwa rafuni imejalidiwa, na orodha ni ileile, na vitabu vyenyewe kwenye daftari langu havina hata alama moja. Kimoja kurasa zake zilikuwa bado zimeshikana pembeni, hazijakatwa tangu kitoke kiwandani, na kilitajwa katika tasnifu kumi na moja. Nilizihesabu mwenyewe nikipangusa vumbi.

Sitaki kuwaonea. Wengine walisoma nakala mahali pengine, kwenye mtandao au kwa rafiki, daftari langu haliwezi kuona huko. Na wengine vitabu tulikuwa hatuna, wangefanyaje. Lakini wengi, hapana.

Humo ndimo nilimokutana na Luhwago. Kwanza katika tasnifu moja, halafu mbili, halafu kila aliyeandika habari za kilimo cha mpunga. Kompyuta haikumpa jina la kwanza, basi mtu mmoja akampa K., nadhani aliitoa kwenye Kihesa, na wote waliofuata wakamwita Luhwago, K. Mwaka mmoja akawa Luhwago na wenzake. Wenzake nao sijui walikuwa nani, labda sindano na kopo la gundi. Mtu mmoja aliandika kwamba Luhwago anabishana na wataalamu wa nje kuhusu chumvi ya udongo. Mzee wa watu alikuwa hajawahi kubishana na mtu isipokuwa kuhusu bei ya nta.

Nilimwambia mkutubi wa wakati huo. Alicheka mpaka akavua miwani, akasema atarekebisha, ila kulikuwa na neno la siri la kufungulia mfumo ambalo lilikuwa kwa mtu aliyekuwa safarini. Kisha akahamishwa yeye mwenyewe. Mimi nikanyamaza. Ningeweza kumwambia aliyemfuata, sikumwambia.

Miaka yangu miwili ya mwisho alikuja Atupele. Mlimwona wengi wenu, msichana mwembamba wa Chimala, kwao wanalima mpunga. Alikuwa anaandika kuhusu mifereji ya wakulima wadogo. Kitabu cha Usangu alikisoma. Nasema alikisoma, maana daftari lina alama kumi na saba, mfululizo, na kila mara alikalia kiti kilekile karibu na dirisha. Siku moja alikuja kaunta nacho kikiwa wazi.

"Shikamoo mama. Huyu Luhwago ni nani?"

Nikamuuliza kwa nini anauliza.

"Kwa sababu humu anasema walifika Chimala wakakaa siku tatu wanasubiri mto upungue, na barabara ilikuwa ya udongo mtupu. Huu mwaka ulioandikwa kwenye kompyuta, lami ilikuwepo. Baba yangu ameikuta lami akiwa anasoma shule. Sasa huyu mtu alipita barabara gani?"

Katika watu wote waliomtaja Luhwago, na walishafika thelathini na kitu, huyu alikuwa wa kwanza kuuliza. Nilimwita pembeni nikamwambia yote, pamoja na sehemu yangu. Alicheka kwanza. Halafu akasema, "Kwa hiyo aliyepima huo udongo wote hatajwi popote." Sikuwa nimelifikiria hivyo. Mimi nilikuwa najionea aibu yangu tu, sikuwahi kumwonea huruma mwenye kitabu.

Alijitahidi kumtafuta. Alikwenda kwao akauliza wazee, wakakumbuka bwana shamba mmoja aliyepita na vijiti vya kupimia, jina hawakukubaliana. Basi katika marejeo aliandika: mwandishi hajulikani, mwaka haujulikani, nakala ya taipureta, ukurasa wa jina umepotea. Bi. Tusekile angempa sweta moja.

Msimamizi wake nitamwita Dokta tu, kwa kuwa hayupo hapa kujitetea. Aliirudisha tasnifu ikiwa na duara jekundu mahali pale. Alisema kitabu hiki kina mwandishi anayejulikana, kila mtu anamnukuu, na mwanafunzi anayeandika hajulikani ama hajakifungua ama anaficha jambo. Hatasaini. Na bila saini, jina la Atupele lisingepelekwa kwenye orodha ya wahitimu, na orodha ilikuwa inafungwa wiki ileile. Kukosa hapo ni mwaka mzima mwingine, na mdogo wake alikuwa nyumbani anasubiri yeye amalize ndipo naye aanze. Atupele alieleza. Dokta alifungua kompyuta akamwonyesha jina.

Alirudi maktaba akakaa kwenye kiti chake bila kufungua kitabu chochote. Niliwaza wale thelathini na kitu waliopiga picha na kuvaa majoho, na huyu mmoja aliyesoma hadi akaona barabara. Nikavua koti la kazi nikaenda kwa Dokta.

Niseme haki. Alinipokea vizuri, akanipa kiti, akaniamkia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilimwambia kosa ni langu, mimi ndiye niliyelisoma jina lile, Luhwago ni fundi, yuko Kihesa, anajalidi. Alichezea kalamu. Nilikuwa nimeona rafuni kwetu kwamba na yeye, katika tasnifu yake ya zamani, Luhwago alikuwemo. Sikulisema. Nadhani alijua kwamba najua.

"Mama Ezekia," aliniambia, "nikimwondoa kwa huyu, nimwondoe kwa wangapi? Zile zimeshapita. Zimesainiwa."

Nikasema mimi siombi za wengine, naomba ya huyu.

"Watu wa nje wakisoma wataona mwaka huu yupo, mwaka ule hayupo. Wataniuliza mimi. Mimi ninachotaka ni jina la Luhwago lionekane kwenye marejeo. Likionekana, nasaini. Asitufanye wote hapa kuwa wajinga."

Nilimwambia asante, jambo ambalo mpaka leo linaniuma.

Atupele aliniuliza kama aandike tu hilo jina. Aliuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza kama anywe dawa chungu. Sikuweza kumwambia asiandike. Mimi nina nyumba, nina kiinua mgongo kinakuja, yeye ana nini? Na sikuweza kumwambia aandike, kwa sababu mara ya mwisho mtu aliponiambia nisome jina lolote, ndipo tulipofika hapa. Nikamwambia twende Kihesa.

Mzee Luhwago tulimkuta barazani akipiga mgongo wa kitabu cha nyimbo kwa nyundo ndogo. Macho yamepungua, anashona kwa kupapasa. Tulimsalimia kwa Kihehe, kamwene, akaitika, akatukalisha. Nilimweleza polepole kwamba pale chuoni yeye ni mwandishi, wasomi wanamtaja, kuhusu udongo wa Usangu. Alifurahi kidogo, msimlaumu.

"Wananitaja kwa uzuri?"

"Kwa uzuri, mzee."

"Usangu sijafika. Nimeishia Mafinga." Kisha akanyoosha mkono, akaomba kitabu. Nilikuwa nimekiombea kibali kutoka nacho. Alipitisha kidole gumba kwenye mgongo, akavuta uzi kidogo kwa kucha, akanusa. "Mshono ni wangu. Huu uzi ni wa ile nta ya Kilolo. Haujalegea." Akakifungua katikati akampa Atupele. "Nisomee, mnyalukolo, ndugu yangu."

Atupele alimsomea kwa Kiingereza, halafu akamgeuzia Kiswahili. Ilikuwa habari ya mtu aliyechimba mashimo sitini kwenye tope, akilala ghalani, akiugua homa, akaendelea kuchimba. Mzee aliweka nyundo chini. Furaha ilikuwa imemtoka.

"Na huyu mtu wamemfuta wakaniweka mimi?"

Nikamwambia ni mimi niliyeanza. Alinigeukia. Hakuna aliyenitazama vile katika miaka yangu yote ya kazi, na macho yenyewe hayaoni vizuri.

"Mimi waliposema kitabu alichokiharibu fundi mwingine nimekishona mimi, siku ile nilikwambia nini, Mama Ezekia?"

"Ulikasirika, mzee."

"Nilikasirika kwa sababu ya uzi. Huyu kachimba mashimo sitini."

Nilipomweleza kwamba Dokta hasaini bila jina lake, alitaka twende wote kwake, hapohapo, na nyundo yake. Baiskeli ilikuwa imeshauzwa na miguu haikumruhusu. Atupele ndiye aliyekuwa ametulia. Alitoa daftari, akaandika tarehe, akamuuliza mzee jina lake kamili, kazi yake na mahali anapoishi, kama wanavyofundishwa kufanya wakihoji watu. Alimuuliza kama kuna mtu amemlazimisha kusema. Mzee akasema hakuna, isipokuwa hasira. Kisha akasema polepole ili aandikwe: "Mimi Luhwago wa Kihesa sikuandika kitabu hiki. Nilikishona. Aliyekiandika simjui." Akaweka saini kwa herufi zake za kuchora.

Atupele alirudi akachapa. Kitabu cha Usangu kilibaki kama alivyokiandika, mwandishi hajulikani. Na chini, kwenye herufi L, akaongeza mstari mpya: Luhwago, fundi wa kujalidi vitabu, mahojiano na mwandishi, Kihesa, Iringa, pamoja na tarehe, na maelezo kwamba hakuandika kitabu hicho bali alikishona. Kila neno lilikuwa kweli. Jina lilionekana kwenye marejeo.

Aliniomba nimsindikize siku ya mwisho ya orodha. Nilisimama mlangoni. Dokta alifunua moja kwa moja hadi nyuma, akashuka na kidole kando ya majina mpaka kwenye L, kidole kikasimama. Akasema, "Umeona sasa? Si jambo kubwa." Akafungua ukurasa wa mbele, akasaini. Atupele alihitimu mwezi uliofuata.

Inawezekana Dokta aliusoma mstari wote, akaona aibu, akaamua kumpitisha bila maneno. Mtu aliyesoma kuliko mimi anaweza kusoma haraka kuliko ninavyodhani, na sipendi kumsingizia. Mimi nilikuwa mlangoni, hatua tatu. Ninachoweza kusema ni kwamba kidole kilifika kwenye jina na hakikuendelea.